Viberiti Vitatu vya Humaidi

Watu wengi wanaotaka kujifunza mazingaombwe huanza na paa kabla ya msingi. Wanataka wiki ya kwanza tu wamkate mtu kwa msumeno na kumuunga, au watoe njiwa kwenye kofia, na njiwa mwenyewe hawana hata kibanda cha kumfugia. Wakishindwa wanasema kazi hii ina mashetani yake. Humaidi Seif wa Mtendeni, Tabora, hakuwa na papara hiyo. Alianza na vile vitu ambavyo wajuaji huvipita wakivicheka: ndizi, leso, rababendi na kiberiti. Na mimi nasema, atakayenibishia na abishe, hakuna mchezo uliodharauliwa bure katika nchi hii kama ule wa viberiti vitatu. Ndio uliompa Humaidi jina, na ndio uliomfunga.

Alikuwa mchuuzi wa minadani. Babu wa babu yake alifika Unyanyembe na misafara ya kutoka pwani, akabaki, akaoa, akafungua duka. Waliomfuata wakalipanua duka, na waliowafuata hao wakaligawana, wakagawana tena, mpaka fungu la Humaidi likawa meza moja ya mbao na turubai. Hakulalamika. Alipakia tochi, betri, nyembe, sufuria na viberiti juu ya Fuso pamoja na wachuuzi wenzake, akazunguka na minada, leo Nzega, keshokutwa Ziba, wiki ijayo kwingine. Alikwenda hivyo miaka ishirini, mpaka siku alipoteleza akishusha mizigo, akavunjika mguu, akalala ndani miezi mitatu. Mkewe Asila akampa simu yake ili aache kumsumbua na maswali ya jikoni. Humo simuni ndimo alimokutana na mazingaombwe.

Wa kwanza ulikuwa wa ndizi. Unachoma sindano kwenye ganda, unaipeleka kulia na kushoto ndani kwa ndani, unashuka kidogo, unarudia. Ukimpa mtu ndizi hiyo mbele za watu akaimenya, inaanguka vipande vipande ilhali ganda ni zima. Wa pili wa leso: unafunika njiti ya kiberiti kwa leso, mtu anaivunja yeye mwenyewe, mlio wote wanausikia, ukikung'uta leso njiti inadondoka nzima. Siri ni pindo la leso. Humo umeshaficha njiti nyingine, na iliyovunjika ni hiyo. Asila alicheka mpaka akakaa chini.

Wa tatu ndio huo. Viberiti vitatu mezani, vyote vitupu. Kiberiti cha nne, chenye njiti nusu, kimefungwa kwa rababendi kwenye mkono wa kulia, juu ya kifundo, ndani ya kanzu. Ukichukua kiberiti kitupu ukakitikisa kwa mkono wa kulia, watu wanasikia njiti zikilia. Ukikitikisa kwa mkono wa kushoto, kimya. Basi, hakuna zaidi. Unawatikisia kwa kulia, unasema, "Hiki ndicho chenye njiti, kikazieni macho," unavichanganya polepole, na wanachokishika sicho. Unakitikisa kwa kushoto, kimya. Unachukua kingine kwa kulia, kinalia. Wataalamu wanauona mchezo wa watoto. Lakini mtu akisikia kwa masikio yake, macho yake hayaulizi tena.

Mguu ulipopona akaenda nao mnadani kuita wateja, na wateja wakaja. Waliita wenzao waliokuwa wakinunua mbuzi. Wasukuma na Wanyamwezi, wakulima na wachungaji, walisimama safu tatu mbele ya meza wakipigania kukisia, na aliyeshindwa alinunua betri kwa aibu. Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na cha kusimulia.

Siku moja Nzega mama mmoja alipoteza simu palepale mbele ya meza, akaanza kulia. Humaidi, kwa utani tu, akainua viberiti vyake akasema kwa sauti, "Simu irudi kabla sijatikisa. Nikitikisa, nitamtaja mtu." Wakati watu wanacheka, simu ikaonekana chini ya meza, imetupwa na mkono usioonekana. Watu waliacha kucheka. Wakamtazama Humaidi kwa jicho jingine kabisa, na siku hiyo aliuza mpaka turubai. Angeweza kusema palepale kwamba alimtisha mwizi tu. Hakusema. Ilikuwa tamu, na mtu aliyegawiwa fungu dogo maisha yake yote akipewa sinia hakatai. Hapo ndipo alipokosea, na yeye mwenyewe analikiri hilo kwa Mola wake mpaka leo.

Asila alimwonya. "Watakufanya mganga."

"Mimi? Mganga na kanzu hii?"

"Hasa na kanzu hiyo."

Miezi michache baadaye, akiwa Ziba anafunga bidhaa zake mchana, wakaja wanaume watano wenye fimbo. Walikuwa sungusungu, walinzi wa kijiji kimoja cha mbele huko ambacho sikitaji, maana watu wake wapo na wana masikio. Kiongozi wao, kamanda Mhoja, alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole wa sauti.

"Shikamoo mzee wetu."

"Marahaba."

"Mzee, tuna shida. Kisima chetu kilikuwa na pampu ya sola. Paneli zote mbili zimeibwa. Wiki ya tatu hii wake zetu wanachota maji lamboni, wanayagombania na ng'ombe."

"Poleni sana. Polisi mmewaambia?"

"Tumewaambia. Wameandika."

Mhoja akaendelea, "Tunaomba uje na vile viberiti."

"Mwanangu, ule ni mchezo. Wa kuita wateja tu, wallahi."

Mhoja akatabasamu kwa heshima. "Ndivyo wasemavyo wenye kujua kweli. Anayejitangaza ndiye tapeli." Humaidi alipogeuka, mizigo yake ilikuwa tayari juu ya mkokoteni wa ng'ombe, imefungwa kwa kamba vizuri kuliko alivyozoea kuifunga mwenyewe.

Hawakumshika, hawakumsukuma, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Walimpakia kwenye bodaboda kama bwana harusi. Kijijini walimpa chumba chenye kitanda kipya, wakamchinjia kuku, na kwa kuwa yeye ni Mwislamu wakamwachia amchinje mwenyewe. Kila alipotaka kutoka uani, vijana wawili wenye upinde walisimama wakasema, "Tukusindikize, mzee." Alitaka kumpigia Asila, na mtandao ulikuwa haushiki. Wakamwambia kwamba wakimwita nfumu, jina lao la mganga, asiudhike, ndiyo heshima. Hakuna gereza baya kama lile ambalo askari wake wanakuamkia shikamoo.

Maji ya kutawadha aliletewa na mwanamke mmoja mjane, Koleta, mwenye rozari shingoni. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Ndoo ilibebwa na mwanawe wa pekee, Anton, mwanamume wa miaka thelathini, ambaye aliitua, akasalimia akitazama chini, akaondoka upesi. Koleta alibaki. Maji alikuwa ameyachuja kwa kitambaa mara mbili, akaomba radhi kwa rangi yake.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "hivyo viberiti vinamjua mtu kweli?"

Humaidi alitazama mlangoni. Wale vijana wawili walikuwa hatua tatu tu, wameacha kuongea. Neno lilimfika kooni, la kusema, mayo, kama wanavyomwita mama huko, ni mchezo, hata wewe nikikufundisha utaweza kabla maji hayajachemka. Akalimeza. "Ajuaye yote ni Mungu, mayo," akajibu.

Koleta akaitikia kwa kichwa, uso wake ukawa mzito kama aliyeambiwa ndiyo.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimekaa kisimani, kuzunguka uzio wenye fremu tupu za paneli. Hapakuwa na kivuli hata cha kufunika sahani. Mhoja alieleza kanuni kwa sauti yake ile ya upole. Ufunguo wa uzio walikuwa nao watatu: Koleta mwenyekiti, mlinzi mzee Mahona, na Nestory fundi wa pampu. Kila kiberiti kingeandikwa jina moja. Kitakacholia, huyo ndiye. "Na tukimpata," akasema, "viboko, ng'ombe wa nyumba yake watanunua paneli, na yeye anatoka kijijini. Hakuna atakayempa hata kaa la moto."

Humaidi alisimama na viberiti vitatu mbele yake, na jua kichwani, na mia kadhaa ya watu wakiutazama mkono wake. Cha nne alikuwa amekifunga ndani ya kanzu alfajiri, kwa mazoea. Akaelewa vizuri jambo ambalo hakuwahi kulifikiria katika minada yote. Mkono wa kulia ulikuwa na uwezo wa kumfukuza mtu kwao. Angemshika yeyote. Mahona alikuwa anatetemeka taya. Nestory alikuwa anatokwa jasho. Angeweza kusema tena kwamba ni mchezo, lakini alishasema jana mara nne, na kila aliposema waliongeza heshima.

Akachukua kiberiti cha Koleta kwa mkono wa kushoto, akakitikisa. Kimya. Cha Mahona, kwa kushoto. Kimya. Cha Nestory. Kimya. Vigelegele vikapasuka, mzee Mahona akalia kama mtoto, na Humaidi akahisi kifua kinafunguka. Akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Mmeona. Mwizi hayupo. Mwizi katoka mbali. Nileteeni mizigo yangu."

Mhoja alisubiri vigelegele viishe. "Mzee ametusaidia sana," akasema. "Tumejua kwamba si hawa watatu. Sasa waliobaki waje, watatu watatu, kuanzia nyumba za juu."

Zilikuwa nyumba mia na arobaini.

Mtu akisikia hivi anacheka, na mimi nilicheka niliposimuliwa mara ya kwanza. Lakini ujaribu wewe, kusimama juani kutikisa viberiti kwa mkono usiouzoea, huku ule wa kulia, ulioufanyia kazi mwaka mzima, unataka kwenda wenyewe. Kila waliposimama watatu wapya alijiambia moyoni, kushoto, Humaidi, kushoto. Katika safu ya kumi na moja nzi alimtua sikioni. Mkono wa kulia ukainuka kumfukuza, na ndani ya kanzu njiti zikalia, hafifu. Mwanamume aliyekuwa mbele yake akawa wa rangi ya majivu. Humaidi akakohoa, akakohoa tena kwa nguvu mpaka akaletewa maji, akanywa akimwomba yule mtu msamaha kwa macho. Tangu hapo aliubana mkono wa kulia ubavuni kama mtu mwenye jipu. Wazee wakanong'onezana kwamba nguvu zimemwelemea upande.

Alishapiga hesabu yake. Atatikisa zote kwa kushoto mpaka ya mwisho, hakuna atakayepatikana, wataudhika, watamwita mganga hafifu, watamrudishia mizigo. Jina la mganga hafifu alikuwa analitamani kuliko Hija. Ilikuwa inakaribia adhuhuri, zimebaki nyumba kama thelathini, walipoitwa watatu wengine na mmoja wao alikuwa Anton.

Anton alikuja akivuta miguu. Mhoja akaandika jina lake kwenye kiberiti. Humaidi akanyoosha mkono wa kushoto.

"Ni mimi!"

Ilikuwa sauti ya Koleta. Alikuwa amesimama katikati ya wanawake, rozari imemkaza kidoleni. "Acheni hivyo vitu. Ni mimi niliyeiba. Nilimfungulia uzio mtu wa gari. Niandikeni mimi, mnifukuze mimi."

Mkono wa Humaidi ukabaki hewani. Mhoja akamgeukia yule mama, na alipojibu hakuwa na hasira hata kidogo. "Mayo Koleta, wewe kiberiti kimeshakusafisha. Wa kwanza kabisa, asubuhi, wote tukisikia."

"Kimekosea."

"Hakikosei." Akakitazama kiberiti chenye jina la Anton. "Na mtu hajitwishi mzigo wa mwizi bure. Mayo, unamficha nani?"

Swali halikuhitaji jibu. Koleta alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja. Macho ya kijiji kizima yalitoka kwake yakaenda kwa Anton, taratibu, hata ya watoto. Humaidi akaona kitu alichokifanya. Mkono wake wa kushoto, aliouchagua kwa huruma, ndio uliomzuia mama kuubeba mzigo wa mwanawe.

Hapo hakuweza tena. Alilia kwa sauti, "Jamani, nisikilizeni! Hakuna kitu hapa! Ni uongo wangu!" Akakunja mkono wa kulia wa kanzu mpaka kwenye kiwiko, akauinua juu wote waone. "Tazameni! Kiberiti kingine hiki hapa, nimekifunga kwa rababendi, ndicho kinacholia. Hivi!" Akautikisa.

Njiti zikalia. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kwa watu kuzisikia wazi, na mbele ya mkono ule alikuwa amesimama Anton.

Watu walirudi nyuma kwa mkupuo mmoja, wengine wakaanguka juu ya wenzao. Wanawake wakafunika watoto macho. Humaidi alikuwa amesahau jambo ambalo kila mtoto wa pale analijua: kitu kidogo kilichofungwa kwenye mkono wa mtu, chini ya nguo, kisichotakiwa kuonwa, huitwaje? "Hirizi," mtu akasema. "Ameifunua hirizi yake hadharani." Mzee Mahona akapiga magoti akaanza kupiga makofi polepole, kama wanavyomheshimu mtemi. Kadiri Humaidi alivyopiga kelele kwamba ni kiberiti, kiberiti tu, cha dukani, ndivyo makofi yalivyoongezeka.

Anton akaziba masikio. "Ni mimi," akasema. "Niliziuza kwa mtu wa lori. Mwacheni mama. Mwambieni tu akinyamazishe hicho kitu."

Sitaeleza viboko. Ng'ombe wanne wa nyumba ile, ndio wote waliokuwepo, walipelekwa mnadani, paneli zikanunuliwa, na maji yakatoka. Anton alifukuzwa siku hiyohiyo, na fulana imemganda mgongoni. Mara ya mwisho watu walimwona Ipole akibeba majani ya tumbaku, kisha hawakumwona tena. Humaidi alirudishwa Tabora na mizigo yake yote, haikupungua hata betri moja, pamoja na majogoo wawili ambao hakuweza kuwala.

Baada ya hapo balaa likamfuata nyumbani. Walikuja Mtendeni kutoka Nzega, kutoka Igunga, wengine wamelala njiani, kila mmoja na majina ya jirani na shemeji kwenye karatasi. Aliwafukuza, wakangoja ukutani. Aliwaapia, wakasema ana haki ya kujaribu imani yao. Msikitini watu walianza kumwachia nafasi pana kidogo kwenye safu, na imamu akamwita pembeni akamkumbusha hukumu ya mpiga ramli. Humaidi akalia mbele ya imamu. Akawa hauzi, hali vizuri, anashinda chumba cha ndani na mlango umefungwa mchana kweupe.

Asila ndiye aliyeupata ufunguo. "Wewe uliwafundisha kuamini, wafundishe kuacha," akamwambia. "Nenda palepale Ziba, siku ya mnada, watu wakiwa wengi. Usipige kelele kama siku ile. Wafundishe. Anza na ndizi. Mtu akiweza mwenyewe hamwogopi mwenzake."

Yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili, na Humaidi akayashika. Alikwenda. Alipanga meza, akaita, na watu walipojaa, kwa woga, mbali kidogo, akatoa ndizi na sindano. Akawaonyesha sindano inavyopita. Akampa mzee mmoja wa Kinyamwezi ajaribu, yule mzee akachoma, akatikisa, akamenya, ndizi ikaanguka vipande. Mzee akapiga ukelele wa furaha, akataka nyingine. Watu wakasogea. Akatoa leso, akafungua pindo, wakaiona njiti, na kicheko kilichotoka kilikuwa kile cha zamani, cha kabla ya Nzega. "Kumbe!" walikuwa wanasema. "Kumbe hivyo tu!" Humaidi aliona miaka inamdondoka mabegani. Yalibaki mambo ya viberiti. Akaviweka mezani vitatu, akashika pindo la mkono wa kulia wa kanzu yake, akasema, "Na huu sasa, ndugu zangu, ndio mwepesi kuliko yote."

Watu walipisha njia. Koleta alikuwa anakuja mezani. Alikuwa amekonda mno, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la mwendo wa asubuhi nzima. Humaidi akamwamkia kwanza, ingawa walikaribiana umri. Hakuitikia.

"Baba," akasema. "Siku ile ulisema ni mchezo. Wenzangu hawakusikia. Mimi nilisikia."

Vidole vya Humaidi vilikuwa bado kwenye pindo la kanzu.

"Tangu siku ile silali. Nikilala nasikia sauti yangu mwenyewe inasema, ni mimi, ni mimi. Kama ni mchezo, mwanangu kafukuzwa na mdomo wangu. Ningekaa kimya, angekuwa nyumbani." Hakulia. Alikuwa ameshamaliza kulia huko alikotoka. "Wewe ndiye ulikuwa umekishika. Niambie kweli, sina mwingine wa kumuuliza. Ningenyamaza, kingelia?"

Mkono wa kushoto, Humaidi aliukumbuka, ulikuwa umeshanyooka. Kingekaa kimya. Anton angerudi kukaa na wenzake, na pengine siku moja angekuwa mtu mwema au mwizi mkubwa, Mungu ndiye ajuaye, lakini usiku ule angekula ugali wa mama yake. Watu walikuwa wametulia wakingoja, wale waliokuwa wakicheka sasa hivi. Neno moja la kweli lingemfungua Humaidi kifungo chake chote, na lingemfunga huyu mwanamke humo humo, peke yake, mpaka kaburini.

"Kingelia, mayo," akasema. "Kilikuwa kimeshamjua. Usingeweza kumwokoa."

Koleta alifumba macho. Pumzi ilimtoka ndefu, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa ndoo. "Basi nilijaribu," akasema. "Mungu akulipe, baba." Akageuka, watu wakampisha tena.

Humaidi aliliachia pindo la kanzu. Yule mzee wa Kinyamwezi aliyekuwa anacheka na ndizi alikuwa ameiweka mezani polepole, akarudi nyuma hatua mbili. Na kabla Koleta hajafika mwisho wa mnada, mwanamume wa kwanza alikuwa ameshavua kofia na kusogea mbele, mkononi ana karatasi yenye majina matatu.